Wanyama Waharibuo Shamba

Katika nchi ya Bunyakiri, upande wa machweo wa milima ya Kahuzi na Biega, shamba na msitu ni majirani. Pale jembe linapokoma, ndipo makao ya mnyama yanapoanza. Watu wa huko hupanda mihogo na mahindi, karanga na maharagwe, migomba na michikichi. Na kila mwenye shamba ajua kwamba walaji wa mavuno yake si wa nyumba yake tu. Nguruwe mwitu hufukua viazi usiku. Nungunungu huchimba na kuitafuna mihogo chini kwa chini. Nyani huja mchana kwa makundi, wakavunja mahindi mabichi na kutupa mengi kuliko wayalayo. Na ndezi, yule mnyama mnene wa jamii ya panya, mwenye manyoya magumu na meno yenye nguvu, huyakata mabua kama mtu aliyeshika panga.

Katika nchi nyingine wakulima humlalamikia sungura wa porini. Jina la mnyama hubadilika, lakini huzuni ya mwenye shamba ni ile ile. Kwa mtu wa mjini, mabua thelathini yaliyolala chini ni habari ndogo. Kwa mama wa kijijini ni ugali wa siku nyingi, ni chumvi na sabuni, ni karo ya mtoto shuleni. Kwa hiyo Kanisa halilidharau jambo hili, wala halisemi kwamba ni jambo la tumbo lisilohusu roho. Mkatekumeni hujaribiwa mahali anapofanya kazi. Wengi hushinda majaribu siku ya Dominika mbele ya altare, wakashindwa siku ya Jumatatu mbele ya shamba lililoharibiwa.

Basi wakatekumeni na wajifunze mambo matatu: mnyama ni nani mbele ya Mungu, dhambi zipi humvizia mtu aliyeharibiwa shamba, na njia zipi ni halali za kulilinda.

I. Mnyama ni kiumbe, si pepo

Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Hizo ni kazi mbili, wala hazitenganiki. Aliyepewa jembe amepewa na ulinzi. Kwa hiyo mtu anayefukuza wanyama shambani mwake hafanyi uchoyo, bali hutimiza wajibu. Na baba anayeacha mihogo ya watoto wake iliwe kwa uvivu wake, huyo ndiye mkosefu.

Lakini aliyepewa ulinzi hakupewa ukatili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mtu aweza kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, ila kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Hata katika Agano la Kale, Sheria ya Musa iliamuru kwamba mtu akikuta kiota cha ndege njiani asimchukue mama pamoja na makinda. Tena iliamuru shamba lipumzishwe mwaka wa saba, ili maskini wale kinachoota humo, na kinachobaki kiwe cha wanyama wa porini. Na nabii Yona alipokasirika kwa sababu Ninawi haukuangamizwa, Mungu alimkumbusha watu wengi waliomo katika mji ule, akawataja na wanyama wao. Papa Fransisko aliyakumbusha mafundisho ya namna hiyo mwaka 2015, katika barua yake Laudato si’, akionya kwamba mtu si mwenye dunia, bali ni mtunzaji wake.

Ndezi basi hana dhambi. Hajui mpaka wa shamba, wala hakufundishwa Amri ya Saba. Hakai na chuki moyoni, wala hachagui nyumba ya mtu fulani ili kumkomesha. Hupenda majani marefu, matete na kandokando za mito, kwa kuwa hapo hujificha mchana. Usiku hutoka kutafuta chakula. Jike huchukua mimba yapata miezi mitano, na watoto huzaliwa wakiwa na manyoya, macho yamefunguka, tayari kukimbia. Hayo yote ni maumbile aliyopewa na Muumba.

Mara nyingi madhara ya mnyama huongezeka kwa sababu ya kosa la mtu. Mwaka 1859 mtu mmoja aliachilia sungura wachache huko Australia kwa ajili ya kuwawinda kwa mchezo. Walizaana hata wakaenea sehemu kubwa ya nchi na kuwatia wakulima hasara kubwa. Sungura hawakuwa na hatia, aliyewaleta hakufikiri. Katika Bunyakiri nako, vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwakimbiza watu mara nyingi, mashamba yakageuka vichaka, na mahali penye kichaka ndezi hupata nyumba. Mtu akitazama kwa akili, ataona chanzo. Akitazama kwa hasira, ataona adui.

II. Neno lenye meno makali kuliko ya ndezi

Na usikilizwe mfano huu.

Mtu mmoja, baba wa watoto wanne, alikuwa katika mwaka wake wa pili wa ukatekumeni. Shamba lake la mahindi lilikuwa bondeni, karibu na kijito. Usiku mmoja mabua thelathini yalikatwa. Usiku wa pili, arobaini. Usiku wa tatu hakuhesabu tena. Kando yake palikuwa na shamba la mjane mzee, asiye na mtoto karibu. Katika shamba la mjane halikuguswa hata bua moja.

Jioni watu walikaa wakinywa kasiksi. Mmoja akauliza, “Ni ndezi gani huyo ajuaye mipaka ya watu?” Wengine wakacheka. Yule mkatekumeni akasema, “Labda yuko anayemtuma.” Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kulitaja, maana wote walijua shamba la jirani ni la nani.

Kesho yake watoto waliokuwa wakimchotea mjane maji hawakuonekana. Siku iliyofuata wanawake walibadili njia ili wasipite mlangoni pake. Siku ya tatu kaka mkubwa wa mkatekumeni akamjia, akamwambia, “Mdogo wangu, toa kuku mmoja na fedha kidogo, twende kwa mpiga ramli. Tukishajua hakika, vijana watajua la kufanya.” Mkatekumeni akaogopa neno hilo la mwisho, lakini mahindi yake yalimwuma moyoni. Akajibu, “Nitafikiri.”

Katekista akapata habari. Hakumkemea mbele ya watu. Alimwambia tu, “Ndugu yangu, kesho kabla ya jua twende shambani, wewe na mimi.”

Walipofika, umande ukali juu ya majani, katekista aliinama. Akamwonyesha bua lililokatwa karibu na ardhi, mkato wake umeinama upande, una alama za meno. Akamwonyesha vipande vya bua vilivyotafunwa na kuachwa. Kisha akamwonyesha njia nyembamba kati ya majani, iliyolainishwa na miguu midogo. Wakaifuata. Njia ile haikwenda kwa mjane. Ilikwenda kwenye matete marefu kati ya shamba na kijito, matete ambayo mwenye shamba mwenyewe hakuyakata tangu misimu miwili. Ndani yake majani yalikuwa yamelazwa kama kitanda, na kinyesi kilikuwa kingali kipya.

Wakaenda kwenye shamba la mjane. Ukingo wake wote ulikuwa umefyekwa na kupaliliwa, upana wa hatua kama sita, udongo uko wazi. Mbwa mzee alilala mlangoni pa nyumba, akabweka alipowasikia. Katekista akasema, “Mama huyu hana dawa nyingine ila jembe.”

Mkatekumeni akanyamaza kitambo. Ndipo akauliza, “Mwalimu, je, nisilitaje tena, lile neno life lenyewe?”

Katekista akamjibu, “Neno ulilolitupa mbele ya watu halirudi kwa kunyamaza. Nenda pale pale ulipoliacha, ukalichukue.”

Jioni ile alikwenda kwenye kasiksi, akasimama, akasema mbele ya wote kwamba alisema neno la uongo juu ya mtu asiye na hatia, kwamba ndezi walitoka katika matete yake mwenyewe, na kwamba atakayetaka kuona na aje kuona. Kaka yake alikasirika sana, akasema kwamba dini imemfanya mwoga. Wengine walicheka. Mmoja tu alisema, “Kesho nitakuja kuona.”

Kisha akaenda kwa mjane. Alipiga magoti kama mtoto mbele ya mama yake, akasema, “Mama, nimekukosea.” Mjane akamtazama, akasema, “Maji nimeyachota mwenyewe siku tano. Mgongo waniuma.” Hakusema zaidi kwa muda. Halafu akaongeza, “Leta panga lako asubuhi. Matete yale ni mengi kwa mtu mmoja.” Tangu siku ile binti mkubwa wa mkatekumeni ndiye aliyemchotea mjane maji kila asubuhi. Hata hivyo walibaki watu wawili watatu ambao hawakuiacha njia ya kuzunguka. Neno la uongo hutoka mara moja. Kulirudisha ni kazi ya siku nyingi.

Mfano huu si wa kuchekesha. Mwaka 2021, katika jimbo la Kivu ya Kusini, na katika nchi ya Kalehe penye Bunyakiri pia, wanawake waliotuhumiwa uchawi waliuawa na watu waliojichukulia hukumu mikononi. Kila kifo cha namna hiyo huanza na neno dogo lililosemwa mahali pa watu. Mtu hasemi, “Na auawe.” Husema tu, “Labda yuko anayemtuma.”

Wakatekumeni na waangalie ni amri ngapi zilizovunjwa au zilizokaribia kuvunjwa kwa sababu ya mahindi. Amri ya Kwanza: kwenda kwa mpiga ramli ni kutafuta kwa viumbe ujuzi na msaada ambao mtu hutegemea kwa Mungu peke yake. Siku ya ubatizo mkatekumeni ataulizwa kama amkataa shetani na kazi zake zote; atajibuje, ikiwa kuku wake angali mikononi mwa mpiga ramli? Amri ya Tano: anayewasha hasira ya watu juu ya mtu dhaifu anashiriki damu yake, hata kama hakuinua fimbo. Amri ya Nane: aliyeliharibu jina la jirani hana budi kulitengeneza. Kumwambia Mungu faraghani kwamba anajuta ni mwanzo mwema, lakini jina liliharibiwa hadharani, nalo hutengenezwa hadharani.

III. Mtego, sumu na msitu uliokatazwa

Yuko mtu asiyeamini ramli, lakini hasira humwongoza katika kosa lingine. Huchimba shimo njiani asilifunike vema. Hutega waya mahali wapitapo watoto na mbuzi. Hutia dawa ya kuua wadudu ndani ya mihogo, akaitupa ukingoni mwa shamba.

Sheria ya Musa ilisema wazi juu ya mambo hayo. Mtu akifungua shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia, mwenye shimo alipe. Mtu akiacha mifugo yake ile katika shamba la mwingine, alipe kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake. Mtu akiwasha moto ukateketeza nafaka ya mwingine, aliyeuwasha alipe. Katika hukumu hizo zote haikuulizwa, “Je, ulikusudia?” Iliulizwa, “Ni nani aliyeacha shimo wazi?” Hivyo ndivyo ilivyo haki ya Mungu: mtu huwajibika kwa hatari anayoiweka njiani mwa wenzake. Na mwenye mbuzi asicheke akisikia habari za mashimo. Yeye naye, mbuzi wake wakizurura na kula maharagwe ya mjane, hana tofauti na mwenye ndezi. Tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndezi hana mwenyewe wa kuulizwa.

Sumu haina macho. Imetupwa kwa ajili ya ndezi, mbwa huila. Mbwa akifa, kunguru humla. Mvua hunyesha, nayo huteremka kijitoni ambako watu huteka maji. Mtoto huokota kila kitu. Na mnyama aliyeonekana amekufa bila kujulikana sababu asiliwe kamwe, hata njaa ikiwa kali. Kuweka sumu shambani ni kucheza na uhai wa watu, na Amri ya Tano yakataza.

Liko na jambo la msitu. Sehemu kubwa ya msitu ule imo katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa sana mwaka 1975. Humo huishi gorila, mnyama ambaye makao yake duniani yamebaki machache. Mtego wa waya uliotegwa kwa ajili ya mnyama mdogo humnasa gorila mkono au mguu, akapata kilema au akafa kwa kuoza kidonda. Sheria ya nchi yakataza kuwinda humo. Ni kweli kwamba watu wengi wa pande zile wana malalamiko, kwa maana mipaka iliyopanuliwa ilipita katika ardhi walimokuwa wakiishi na kulima, na wanyama walindwao na wakubwa hula chakula cha wadogo. Malalamiko hayo si dhambi. Mwenye kuonewa aweza kusema mbele ya wakuu, pamoja na wenzake, kwa ukweli na bila kuchoka. Lakini mtego wa siri haurudishi ardhi ya mtu yeyote. Humwua kiumbe asiyejua habari za mipaka, na kumtia mtegaji gerezani, na nyumba yake hubaki na njaa mara mbili.

IV. Kazi ya mikono, pamoja na sala

Wako wanaosema, “Nimebariki mbegu zangu kanisani, mbona ndezi wamekula?” Baraka ya mbegu si hirizi. Mungu hubariki kazi ya mtu. Haifanyi kazi aliyoiacha mtu. Basi mwenye shamba na afanye yafuatayo.

Kwanza, na amjue mharibifu. Atazame asubuhi mapema, kabla nyayo hazijafutika. Mkato ulioinama karibu na ardhi ni wa ndezi. Udongo uliofukuliwa kwa upana ni wa nguruwe. Shimo chini ya muhogo, na huenda mwiba mweusi na mweupe umeanguka hapo, ni alama ya nungunungu. Mabua yaliyovunjwa juu mchana ni ya nyani. Kila mmoja ana dawa yake.

Pili, na afyeke ukingo. Ndezi huogopa kupita mahali palipo wazi, maana huko huonekana na mbwa, na bundi, na mtu. Mahali penye matete na kichaka karibu na shamba ndipo hasara inapozaliwa. Kazi hii haigharimu fedha, hugharimu jasho tu.

Tatu, na ajenge ua. Mianzi, matete au makuti ya michikichi yaliyosukwa kwa kubanana humzuia ndezi, ikiwa hayana nafasi chini. Baadhi huacha nafasi chache katika ua, nao hutega hapo hapo. Hivyo mtego hukaa mahali pamoja panapojulikana na watu wote. Mwenye mtego na awaambie jirani zake na watoto wao. Na autazame kila asubuhi, ili mnyama asiteseke siku mbili. Na mavuno yakiisha, autegue.

Nne, majirani na wapande pamoja na kwa wakati mmoja. Shamba lililo peke yake msituni huvutia wanyama wote. Mashamba yaliyoungana hugawana hasara, na ulinzi hufanywa kwa zamu: leo nyumba hii, kesho nyumba ile, juu ya dungu, na moto na makopo ya kupiga. Zamu ya mjane, ya mgonjwa na ya mama mwenye mtoto mchanga na ichukuliwe na wenye nguvu. Mahali pasipo usalama watu wasilale shambani peke yao. Mahindi hupandwa tena, uhai wa mtu haupandwi.

Tano, na wavune kwa wakati. Mahindi yaliyokomaa yakiachwa shambani kwa uvivu, ni kama kuandaa karamu na kuacha mlango wazi. Wakulima wengi pia hupanda mihogo michungu pembeni, kwa sababu wanyama huipenda kidogo kuliko mitamu. Lakini mihogo hiyo ina sumu. Isiliwe kabla ya kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa vema kama wazee walivyofundisha.

Mwisho, mnyama aliyenaswa kwa halali ni chakula. Nyama ya ndezi ni nzuri. Katika nchi za Benin na Ghana watu wamejifunza hata kumfuga, naye huwapatia kitoweo na fedha. Aliyepata ndezi na amshukuru Mungu, na akumbuke kwamba jirani yake naye aliharibiwa shamba. Paja moja likitumwa kwa jirani huleta amani kuliko maneno mengi.

V. Mtakatifu Martini na panya

Kanisa lina mtakatifu anayefaa kukumbukwa na wenye shida hii. Martini wa Porres alizaliwa Lima, katika nchi ya Peru, mwaka 1579. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa akapewa uhuru; baba yake alikuwa Mhispania. Kwa sababu ya rangi yake alidharauliwa na wengi. Alipokewa katika nyumba ya watawa Wadominiko, akafagia, akatibu wagonjwa, akagawa chakula kwa maskini. Alifariki mwaka 1639, na Papa Yohane XXIII alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1962.

Inasimuliwa kwamba panya walikuwa wakitafuna nguo za nyumba ile, na watawa walitaka kuwatilia sumu. Martini alimshika panya mmoja, akaongea naye kwa upole, akamwambia awachukue wenzake waende bustanini, naye atawapelekea chakula huko kila siku. Wakatoka, naye akatimiza ahadi yake.

Wakatekumeni wasidhani kwamba kila mmoja atasikilizwa na panya. Somo ni lingine. Martini alikuwa mtu aliyejua maana ya kutendwa kama kitu kisichofaa, naye hakumtenda kiumbe chochote hivyo. Tena alitafuta njia iliyoponya pande zote mbili: nguo zikahifadhiwa, na panya wakaishi. Kabla ya kuua, aliuliza kama kuna njia nyingine. Kabla ya kushtaki, mkatekumeni naye na aulize.

VI. Shamba ambalo Mungu hulitazama

Bwana Yezu alifananisha neno la Mungu na mbegu, na moyo wa mtu na udongo. Alisema kwamba mbegu nyingine huliwa na ndege kabla haijaota. Adui wa roho hafanyi tofauti na ndezi: huja usiku, hupita katika majani ambayo mwenye shamba hakuyafyeka. Majani hayo ni kinyongo cha siku nyingi, wivu juu ya jirani ambaye mahindi yake hayakuguswa, na hofu ambayo mtu haisemi kwa katekista wake. Yafyekwe yangali mafupi. Mkatekumeni aliyejifunza sala zote kwa moyo, lakini anamwogopa na kumchukia mjane wa karibu, ameacha matete yakue karibu kabisa na mbegu ya ubatizo.

Na wiki hii kila mkatekumeni afanye mambo mawili. Aende shambani asubuhi moja, atazame ukingo wake. Kisha akumbuke kama yuko mtu aliyemtaja vibaya kwa sababu ya hasara, ugonjwa au msiba. Na ikiwa yuko, aende mahali alipolisema neno lile, alirudishe.

Maswali ya kukumbuka

Je, ni dhambi kumfukuza au kumwua mnyama anayeharibu shamba? Si dhambi, ikiwa hufanywa kwa lazima, bila ukatili, na bila kuvunja sheria ya haki.

Je, mnyama aharibuye shamba hutumwa na mtu? La. Hufuata njaa na maumbile yake. Anayemtuhumu jirani kwa jambo hilo humsingizia.

Kwa nini mkatekumeni haendi kwa mpiga ramli? Kwa sababu humtegemea Mungu peke yake, na kwa sababu ramli huzaa chuki na damu.

Aliyemsingizia jirani afanye nini? Atubu, aombe msamaha, na alitengeneze jina la jirani mbele ya wale waliosikia.

Aliyechimba shimo au kutega mtego, na mali ya mwingine ikaharibika, afanye nini? Alipe kwa haki, hata kama hakukusudia.

Mkatekumeni hulindaje shamba lake? Kwa jembe, kwa ua, kwa zamu pamoja na jirani zake, na kwa sala.